Bahari Haitibiwi kwa Kutu

Wiki kadhaa zilizopita nilipeleka wazo la habari kwenye kikao cha asubuhi. Nilitaka kuandika kuhusu vumbi la jangwa la Sahara na jinsi linavyoipelekea bahari chuma na metali nyingine. Mhariri akanitazama kama mtu aliyeomba posho ya safari ya kwenda mwezini. "Vumbi? Kijana, andika kuhusu barabara ya vumbi ya mtaani kwenu, wasomaji watakuelewa." Kikao kizima kikacheka. Na mimi nikacheka, maana chumba cha habari ukinuna umekwisha.

Siku chache baadaye meza ile ile ikanipa kazi ya kutafsiri habari iliyotoka nje. Habari yenyewe ilisema kuna watu wana mpango wa kumwaga chuma baharini. Mimea midogo ya majini itachanua, itavuta hewa ukaa, itakufa na kuzama nayo, na dunia itapoa. "Fasta, maneno mia tatu, kichwa cha habari kiwe kizuri." Nikauliza: mbona habari nzima haina mtu hata mmoja anayehoji? Mbona haisemi hicho chuma kikishaingia majini kinakuwaje? Nikajibiwa kwamba mimi ni mwandishi, si mwanasayansi. Habari ikatoka, ikatafsiriwa na mwingine.

Sawa. Huku kwenye blogu hakuna mhariri, basi leo mtanivumilia. Ni kweli mimi si mwanasayansi. Kemia niliipa mkono wa kwaheri kidato cha nne, chuo kikuu nikasoma mambo ya habari. Lakini kusoma najua, kuuliza najua, na nikiuziwa mbuzi kwenye gunia nina haki ya kulifungua gunia. Na nikilifungua gunia hili, ndani yake nakuta lile vumbi nililochekewa. Wanaouza chuma cha baharini wanasema wanaiga vumbi. Haya, tuliulize vumbi lenyewe.

Kaskazini mwa Chad kuna bonde linaitwa Bodélé. Maelfu ya miaka iliyopita lilikuwa sehemu ya ziwa kubwa ajabu, ambalo Ziwa Chad la leo ni masalia yake tu. Ziwa likakauka, likaacha tope jepesi lililojaa mabaki ya viumbe wadogo wa majini. Upepo unabanwa kati ya milima ya Tibesti na Ennedi, unatoka pale kwa kasi, na unalinyanyua lile tope lililokuwa unga. Bodélé ni moja ya vyanzo vikubwa kabisa vya vumbi duniani, na ni kona moja tu ya Sahara. Jangwa zima hutupa angani mamia ya mamilioni ya tani kwa mwaka. Sehemu kubwa huelekea magharibi na kuvuka Atlantiki.

Si jambo jipya. Mwaka 1832 Charles Darwin akiwa kwenye meli ya Beagle alikusanya vumbi laini lililoidondokea meli karibu na visiwa vya Cape Verde. Tangu mwaka 1965 mwanasayansi Joseph Prospero na wenzake wakaanza kulipima vumbi la Afrika kule Barbados, upande wa pili wa bahari. Juni 2020 lilipita wingu kubwa kiasi kwamba watu wa visiwa vya Karibi walikosa anga ya bluu kwa siku kadhaa, na magazeti yakalibatiza jina la Godzilla. Kumbe vumbi linakuwa habari likishavuka bahari. Likiwa bado kwetu ni uchafu wa kufagia.

Sasa kwa nini bahari ilihitaji vumbi?

Hapa naomba utulie kidogo. Chuma ni moja ya metali zilizojaa kabisa kwenye udongo. Katika kila kilo 100 za vumbi la jangwa, chuma peke yake ni kama kilo 4 au 5, na aluminiamu ni kama 8. Lakini maji ya juu ya bahari, yale yanayopigwa na jua, ni maskini wa chuma kupita maelezo. Chukua bwawa la kuogelea la Olimpiki, lita milioni 2 na nusu. Lijaze maji kutoka sehemu zile maskini kabisa za Bahari ya Kusini, inayoizunguka Antaktika. Chuma kilichoyeyuka ndani ya bwawa zima kitakuwa kama miligramu 14. Hicho ni kiasi kisichofikia uzito wa punje moja ya mchele.

Sababu ni ile ile inayokula mabati ya nyumba zetu: kutu. Maji ya bahari yana oksijeni na hayana tindikali, kwa hiyo chuma kikiingia humo hugeuka kutu upesi, hujishika na chembe nyingine na kuzama. Kinachobaki kimeyeyuka ni kile kilichodakwa na molekuli fulani zinazotolewa na viumbe wa baharini wenyewe. Na bila chuma mmea hautengenezi chakula chake kwa jua vizuri, wala vijidudu vinavyonasa naitrojeni ya hewani havifanyi kazi. Kuna maeneo makubwa ya bahari yenye mbolea nyingine zote, lakini yamekaa kama shamba lililogoma kuota, kwa kukosa hiyo punje ya mchele.

Kwa miaka mingi hakuna aliyeijua hali hii kwa uhakika, na sababu yake inachekesha. Wanasayansi walikuwa wakipima bahari kwa meli za chuma, nyaya za chuma na vyombo vyenye kutu. Walikuwa wanapima meli yao! Mpaka vyombo vya plastiki vilivyooshwa kwa asidi na vyumba visivyo na vumbi vilipoanza kutumika ndipo ikaonekana kwamba namba za zamani zilikuwa kubwa mno. Mmoja wa waliolipigania hili ni John Martin wa maabara ya Moss Landing, California. Mwaka 1988 alisema, nusu kwa utani, kwamba akipewa nusu ya meli ya mafuta iliyojaa chuma atairudisha dunia kwenye zama za barafu. Watu wakacheka. Wafanyabiashara hawakucheka, walichukua kalamu.

Martin alifariki mwaka 1993. Miezi michache baadaye wenzake wakamwaga chuma karibu na visiwa vya Galápagos kulijaribu wazo lake. Kati ya mwaka huo na 2009 yalifanyika majaribio zaidi ya 10 katika bahari mbalimbali. Na lazima niwe mkweli: chuma kilifanya kazi. Maji yaligeuka kijani. Anayekuambia chuma hakioteshi kitu baharini anakudanganya.

Tatizo ni kwamba muuzaji anaishia hapo hapo kwenye picha ya maji ya kijani. Vumbi haliishii hapo.

Kwanza, kumwaga si kulisha. Wanaolipima vumbi la Sahara wanakuta kwamba karibu na chanzo, chuma kinachoyeyuka kikifika majini mara nyingi ni asilimia 1 au chache tu ya kilichodondoka. Kilichobaki ni mchanga unaozama. Vumbi lililosafiri mbali, likapita mawinguni na kuchanganyika na asidi za moshi wa viwanda, huyeyuka zaidi, wakati mwingine zaidi ya asilimia 10. Yaani tani ile ile ya vumbi inaweza kuwa karamu au kuwa kokoto, kutegemea ilipopita. Kuna kali zaidi. Mwaka 2008, pwani ya kisiwa cha Corsica, watafiti waliweka mifuko mikubwa ya maji ya bahari wakainyunyizia vumbi. Chuma kilichoyeyuka kikapungua! Chembe za vumbi zilikishika kile kilichokuwemo zikazama nacho. Umeleta mgeni na zawadi, kaondoka na sufuria zenu.

Pili, vumbi halibebi chuma peke yake. Linabeba manganizi, kobalti, zinki, shaba, na njiani huokota vya watu. Aluminiamu yake ni nyingi na inajulikana kiasi kwamba wanasayansi huitumia kama alama ya nyayo: palipo na aluminiamu nyingi kwenye maji ya juu, vumbi limepita. Mwaka 2009 Adina Paytan na wenzake walionyesha, kwa maji ya Ghuba ya Aqaba kwenye Bahari ya Shamu, kwamba vumbi la angani lenye shaba nyingi linaweza kuwadhuru baadhi ya viumbe wadogo wa majini badala ya kuwalisha. Shaba kidogo ni dawa, ikizidi ni sumu. Na ile risasi iliyowekwa kwenye petroli kwa miongo mingi ilipeperushwa hivyo hivyo mpaka katikati ya Atlantiki, ikapungua majini pale nchi zilipoanza kuiacha. Afrika kusini mwa Sahara tuliachana nayo mwanzoni mwa 2006. Algeria, nchi ya mwisho duniani kuiuza kwa magari, iliacha mwaka 2021. Anga ni barabara ya wote. Haichagui mzigo.

Tatu, na hapa ndipo hesabu ya biashara inapovunjika: kuota si kuzika. Ili uuze cheti cha hewa ukaa, hiyo kaboni lazima izame chini kabisa na ikae huko kwa muda mrefu. Mwaka 2004 jaribio moja katika Bahari ya Kusini lilifanikiwa, na angalau nusu ya uoto wake ulizama chini ya mita 1,000. Wauzaji hulitaja hilo kila siku. Hawalitaji la mwaka 2009, lililofanywa na India na Ujerumani kwa meli ya Polarstern. Uoto ulikuja, ukaliwa na wadudu wa majini, nao wakaliwa na wakubwa zaidi, na kaboni iliyozama ilikuwa kidogo sana. Kwa nini? Maji yale yalikosa silika, ambayo mimea yenye magamba mazito huihitaji ili ikue na kuzama. Mwaga chuma unachotaka, bila silika umewaandalia wadudu pilau.

Nne, chakula kinacholiwa huku kinakosekana kule. Maji ya Bahari ya Kusini huzama na mbolea yake, yakasafiri chini kwa chini kwa miaka mingi, kisha yakaibuka kwenye bahari za joto, Bahari ya Hindi ikiwemo. Ukiitumia mbolea yote kule kusini ili upate vyeti, atakayevuta wavu mtupu baadaye ni nani? Si yule aliyeuza cheti.

Sasa nijibu hoja nzito ya upande wa pili, maana ubishi wa kumchagulia mwenzako hoja dhaifu ni ubishi wa kijiweni. Wanasema: dunia yenyewe imeshafanya hivi. Barafu ya Antaktika inaonyesha kwamba katika zama za barafu vumbi lilikuwa jingi na hewa ukaa ilikuwa chache, kama sehemu 180 kwa milioni, wakati kabla ya viwanda ilikuwa 280. Wanasema pia moshi na majivu ya mioto ya Australia ya 2019 na 2020 vilipeleka chuma Bahari ya Kusini na kuotesha mimea kwenye eneo kubwa sana. Yote ni kweli. Lakini vumbi la zama za barafu linaeleza sehemu tu ya upungufu ule, na lilifanya kazi hiyo kwa maelfu ya miaka. Sisi tumeshapita sehemu 420 na tunaongeza kila mwaka. Na hakuna aliyeandikia mioto ya Australia risiti.

Wala sisemi sayansi isimame. Mwaka 2014 Tim Conway na Seth John walitumia alama za isotopu za chuma wakakadiria kwamba kati ya asilimia 71 na 87 ya chuma kilichoyeyuka katika Atlantiki ya Kaskazini kinatokana na vumbi la Sahara. Hiyo ni kazi ya kuvuliwa kofia. Mtafiti anayetaka jaribio dogo, la wazi, linalosimamiwa, simgombezi. Ninayemgombeza ni yule anayechukua nusu ya matokeo ya mtafiti na kuyafungulia duka.

Na duka limeshawahi kufunguliwa. Mwaka 2012 kampuni moja ilimwaga kama tani 100 za unga wenye chuma magharibi mwa Kanada. Fedha, zaidi ya dola milioni 2, zilitoka kwa kijiji cha wenyeji wa pale, watu wa baharini kama wavuvi wetu. Waliambiwa samaki aina ya samoni watarudi na vyeti vya hewa ukaa vitauzika. Bahari ikageuka kijani, picha za setilaiti zikapigwa. Vyeti havikuuzika, kilichofuata ni uchunguzi wa serikali na malumbano. Hii ilikuwa miaka minne baada ya mkutano wa Mkataba wa Bioanuwai kule Bonn, Mei 2008, kuzitaka nchi zizuie umwagaji wa namna hii isipokuwa tafiti ndogo za pwani, na mwaka ule ule nchi za Mkataba wa London wa kuzuia utupaji taka baharini kukubaliana kwamba usiruhusiwe nje ya utafiti halali.

Utaniuliza, Kanada na Antaktika zinatuhusu nini sisi wa Dar, Mombasa na Unguja? Zinatuhusu. Biashara ya hewa ukaa imeshaingia vijijini kwetu kupitia misitu. Msitu angalau unahesabika: mti ule pale, mzee wa kijiji yule pale, ukikatwa utaona kisiki. Bahari haina kisiki. Siku atakapokuja mtu na mkoba mzuri akiwaambia viongozi wetu kwamba bahari ya nje huko ni shamba lisilo na mazao na yeye ana mbolea, nani atamuuliza maswali? Gazeti lililotafsiri maneno mia tatu bila swali hata moja?

Na vumbi si la wenzetu peke yao. Kusi inapokaza kati ya Juni na Agosti, mkondo mkali wa upepo hupita mashariki mwa Kenya, ukaambaa Somalia na kuingia Bahari ya Arabuni. Wataalamu wa hali ya hewa wanauita mkondo wa Findlater. Miezi hiyo hiyo vumbi la Uarabuni na la Pembe ya Afrika hudondoka kwenye bahari ile. Mababu zetu walizisoma pepo hizi kwa ajili ya majahazi, wakajua lini utweke tanga na lini usubiri. Sisi wasomi wa leo, wenye digrii na simu za bei mbaya, hatujui upepo ule ule umebeba nini. Aliyelipima vumbi la Afrika kwa miaka mingi kuliko wote alilipimia Barbados. Hilo linaniuma zaidi kuliko kuchekwa kwenye kikao.

Kwa hiyo nina madai mawili tu. La kwanza ni kwa wenzangu wa vyumba vya habari: habari ya chuma baharini isitoke bila majibu ya maswali haya manne. Kinayeyuka kiasi gani? Kimekuja na nini? Kaboni imezama mita ngapi, na nani kapima? Virutubisho vilivyoliwa vilikuwa vinaelekea kwa nani? Huhitaji digrii ya kemia. Mimi sina, na yameniingia.

La pili ni kwa vyuo vyetu na wanaovipa bajeti. Kituo cha kukusanya vumbi pwani hakihitaji meli. Kinahitaji mnara, pampu ya hewa, vichujio, na kijana mvumilivu wa kuvibadilisha kwa miaka mingi. Barbados ni kisiwa kidogo na kilipata chake tangu 1965. Tukiwa na namba zetu, mwenye mkoba mzuri akija tutamkaribisha kiti, tutampa chai, kisha tutamfungulia daftari.

Mwenye hoja ya kunipinga aje, nafasi ya maoni iko wazi. Njoo na hoja tu, matusi nimeshayapata ya kutosha kazini. Na yule mhariri wangu, kama unasoma hapa kwa siri: ile habari ya barabara ya vumbi ya mtaani kwetu nitakuandikia. Nitaanza na lile vumbi likinyanyuka, na mwisho wake utakuwa baharini.

Wasalaam.